Posho na Yenga

Nasema nanyi, wasikilizaji mlioko Manika na Dilala, mlioko Kapata na Musonoi, na ninyi madereva mliozima injini kwenye foleni ya malori, mkabaki na redio tu ya kuwafukuzia usingizi.

Juma hili nimepata ujumbe kwenye simu kutoka Dar es Salaam. Ni mfupi: "Ndugu Mkongo, bosi ananituma Lubumbashi. Nikimaliza kazi yake ninabaki na Jumamosi moja na Jumapili moja. Ninakuja Kolwezi. Lile deni la Venezia sijalisahau." Aliyeandika ni rafiki yangu wa masomo, kijana wa Pangani, ambaye siku hizi kazi yake ni kutoa na kupitisha mizigo bandarini. Shaba yetu ikifika kule juu ya malori, yeye ni mmoja wa wale wanaokimbizana na makaratasi yake mpaka iingie melini. Kolwezi anaijua kwa namba za makontena. Kwa macho hajawahi kuiona.

Deni lenyewe lina historia, na jioni ya leo nataka kulihesabu mbele yenu, maana peke yangu nimeshindwa kulilipa.

Mwaka 2022 nilikuwa Padova, kaskazini mwa Italia, kwa mwaka mmoja wa masomo ya mawe. Chuo kikuu cha pale kilianza mwaka 1222, kwa hiyo nilikuta mji mzima umepambwa kwa sherehe ya miaka 800, mimi mtoto wa mji uliozaliwa mwaka 1937. Tuna mabibi hapa Kolwezi ambao mji wenyewe ni mdogo wao. Juma la kwanza, jikoni kwenye nyumba ya wanafunzi, nikasikia mtu nyuma yangu anaongea kwa simu: "Shikamoo, mama." Niligeuka kama nimeitwa jina. Tangu siku ile tukawa tunakula sufuria moja. Yeye aliita ugali, mimi naita bukari, na unga tuliousonga ulikuwa wa Kiitalia, wa njano, ambao haukumridhisha yeye wala mimi.

Alipenda kunitania: "Ninyi Wakongo mmekivunja Kiswahili." Nami nikamjibu kwamba sisi ni watu wa tanuru, hatuvunji kitu. Tulikipokea kutoka kwenye misafara yenu, tukakiyeyusha, tukakimimina upya.

Ijumaa moja ya mwezi wa 11 nikamwambia, "Kesho siku ya Posho, twende tukaione Venezia." Akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Kesho siku ya nini?"

Ninyi wasikilizaji hamhitaji kuelezwa, lakini yeye ilibidi nimweleze. Katanga yote, kuanzia Lubumbashi mpaka huku kwetu, Jumamosi ni siku ya Posho na Jumapili ni siku ya Yenga. Posho, kwa sababu kwenye kambi za kampuni ya machimbo, Union Minière, Jumamosi ilikuwa siku ya mgao. Mama anapanga mstari na mfuko wake, anapimiwa unga, maharagwe, samaki wakavu, mafuta, kwa kadiri ya watoto walioandikwa kwenye kitabu cha baba. Kampuni yenyewe ilitaifishwa mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, mistari ya mgao ikafa, mifuko ikaoza, lakini siku bado inaitwa vile vile. Yenga ni mapumziko na misa. Kwa hiyo wikendi yetu imejengwa juu ya unga na misa, na sehemu ya kutalii haimo.

Hata neno kutembea, kwetu lina kazi yake. Unakwenda kutembea kwa mjomba aliye mgonjwa. Unakwenda kwenye ndoa, unakwenda kwenye kilio. Lakini kupanda gari kwenda mji ambao huna ndugu hata mmoja, hujaitwa, huuzi, hununui, unakwenda kuutazama tu mji ulivyo, halafu unarudi? Bibi yangu angeniuliza nimekwenda kutafuta nini, na jibu nisingekuwa nalo. Niwaambie kweli, hata mimi siku ile niliona ni anasa ya ajabu kidogo. Nilikwenda kwa sababu nauli haikufika euro 5.

Treni ya kawaida kutoka Padova inafika Venezia chini ya saa moja. Tiketi ya karatasi ni lazima uichome kwenye kimashine kilichopo kituoni kabla ya kupanda, vinginevyo ni sawa na kusafiri bure, na faini yake ingekula posho yetu ya mwezi. Tulikumbuka wakati mlango umeshaanza kujifunga. Mmoja alishika mlango, mwingine akakimbia. Kosa lilikuwa letu wenyewe.

Unatoka nje ya kituo cha Venezia ukitegemea kukuta barabara, teksi, wachuuzi, kama kila kituo duniani, na badala ya barabara ni maji. Ngazi zinashuka, na pale zinapoishia pamefungwa boti. Hakuna gari. Hakuna pikipiki hata moja, na hapo fikirieni sisi tuliozoea kuvuka njia huku tumeshika roho. Mizigo inakwenda kwa boti, taka zinakwenda kwa boti, mgonjwa anapelekwa hospitali kwa boti. Mwenzangu alisimama juu ya ngazi kimya, mtoto wa pwani, akainusa hewa. Kisha akasema, "Hii ni Pangani iliyopata pesa."

Boti ya abiria ilikuwa karibu euro 10 kwa mtu mmoja, kwa hiyo tulikwenda kwa miguu. Ukutani kuna vibao vya njano: kwenda Rialto, kwenda San Marco. Unavifuata, njia inakuwa nyembamba, inakuwa nyembamba zaidi, kisha unajikuta mbele ya mfereji usio na daraja, na kibao kingine cha njano kinakuonyesha kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Mwenzangu alikuwa amevaa viatu vipya vya ngozi, vya kupigia picha. Kufika saa sita mchana alikuwa anatembea kama mtu anayekanyaga makaa.

Gondola, ile mashua nyembamba nyeusi mnayoiona kwenye kalenda, bei yake rasmi ilikuwa euro 80 kwa nusu saa. Tukacheka, tukapita. Lakini karibu na soko la Rialto tuligundua kwamba kuna gondola za kuvusha watu tu, upande huu mpaka upande ule wa mfereji mkubwa, kwa euro 2. Tukavuka. Dakika mbili, na rafiki yangu akashuka na kuomba turudi tena. Alisema ni kivuko cha Pangani, kasoro baiskeli na mbuzi.

Siku nne kabla yetu bahari ilikuwa imepanda vibaya, zaidi ya mita moja na nusu, ila mji ulibaki mkavu kwa sababu wamejenga milango 78 ya chuma inayolala chini ya bahari na kuinuka maji yakija. Iligharimu zaidi ya euro bilioni 5. Tulikuta meza za kutembelea juu ya maji zimerundikwa pembeni ya uwanja wa San Marco, hazina kazi. Nilizitazama nikawaza barabara fulani za hapa kwetu wakati wa masika, nikaona afadhali nisiendelee kuwaza.

Sasa nifike pale nilipotaka kufika. Juu ya mlango wa kanisa la San Marco wamesimama farasi wanne. Wale wa nje ni nakala. Wenyewe wamewekwa ndani tangu miaka ya 1980, kwa sababu hewa chafu ilikuwa inawala. Ukilipa kiingilio unapanda ngazi nyembamba, na unawakuta. Niliwasogelea kama mtalii mwingine yeyote, nikiamini ni shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, kama sanamu zote za kale. Kumbe sivyo. Farasi wale ni shaba karibu tupu, zaidi ya asilimia 96, iliyopakwa dhahabu juu.

Wasikilizaji, ninyi mliokaa karibu na tanuru mnajua kwa nini nilisimama. Shaba tupu haimiminiki kwa urahisi. Inataka moto wa nyuzi 1085 kabla hata haijaanza kuyeyuka, inakuwa nzito kwenye kalibu, inameza hewa, na ikipoa unakuta imejaa matundu kama mkate. Ndiyo maana mafundi wa kale waliitia bati. Hawa wa farasi walikubali mateso yote hayo kwa sababu moja: dhahabu waliyoipaka kwa zebaki inashika vizuri zaidi juu ya shaba safi. Mtu fulani, zaidi ya miaka elfu na mia tano iliyopita, alichagua njia ngumu kwa ajili ya mng'ao. Jina lake halijulikani, na wataalamu bado wanabishana kama alikuwa Mgiriki au Mrumi. Lakini nilimfahamu. Nimekua katikati ya watu wa namna yake.

Mwenzangu akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama yuko msikitini, "Ni ya kwenu?"

Hapana, si ya kwetu. Ingekuwa hadithi tamu lakini si kweli. Farasi hao wana historia ya wizi, hapo ndipo tunapofanana nao. Mwaka 1204 watu wa Venezia, wakiwa pamoja na askari wa msalaba, waliuvamia mji wa Constantinople, ambao leo ni Istanbul, wakawabeba. Mwaka 1797 akaja Napoleon, naye akawabeba mpaka Paris. Mwaka 1815 Napoleon alipoanguka wakarudishwa, na Venezia wakawapokea kama watu waliodhulumiwa, wakisahau kabisa wao waliwapata vipi. Na kila aliyewaiba aliwaweka mahali pa juu mjini mwake, ili kila mgeni awaone.

Nikafikiria mabamba yetu. Hapa Kolwezi tunatoa shaba safi kuliko ile ya farasi, asilimia 99.99, mabamba mekundu, yamefungwa kwa mikanda ya chuma, yamepangwa juu ya lori hadi mpakani Kasumbalesa na kuendelea. Mwaka 2023 Kongo ilikuwa ya pili duniani kwa kuchimba shaba. Na tangu nizaliwe sijaona hapa mjini hata jogoo mmoja wa shaba safi aliyesimamishwa mahali ili mtu apite na kumtazama. Mtanirekebisha mkipiga simu. Misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha na mahari kabla ya wazungu, mafundi wetu walikuwa wakiimimina kwenye kalibu za udongo na mchanga, tena shaba safi vile vile. Leo ukitaka kuitazama unakwenda Lubumbashi kwenye jumba la makumbusho, au unapanda ndege kwenda Ubelgiji.

Tulilala Mestre, upande wa bara, chumba cha vitanda vingi, kwa kuwa ndani ya Venezia kitanda ni bei ya kitanda cha gavana. Jumapili tukarudi. Mvua ndogo, ukungu, mji mtupu asubuhi, na hapo ndipo nilipoupenda.

Kwenye dirisha la duka moja la vioo tuliona shanga. Si zile mpya za watalii. Hizi zilikuwa kuukuu, zimepangwa kwenye uzi, nyekundu, nyeupe, na za buluu nzito. Kibao kilisema ni shanga za biashara ya Afrika. Mwenzangu akaweka paji la uso kwenye kioo. Bibi yake, alisema, alikuwa na nyekundu kama zile, kiunoni, na alizikwa nazo.

Hili nilikuwa nimelisoma, lakini sikuwahi kulisimamia mbele. Katika karne ya 19 mafundi wa Venezia, hasa kisiwa cha Murano, walitengeneza shanga kwa ratili na ratili, zikasafiri mpaka Zanzibar, zikavuka kwenda Bagamoyo na Pangani, wapagazi wakazibeba Tabora, Ujiji, na mbele zaidi. Nyekundu za Venezia watu wa misafara waliziita samesame. Kila nchi ilikuwa na rangi yake, na mfanyabiashara aliyefika na rangi iliyopitwa na wakati alikufa njaa akiwa na mzigo begani. Huku kwetu Katanga zilikuja kwa njia hiyo hiyo. Msiri mwenyewe, aliyetawala kutoka Bunkeya mpaka alipopigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Kisumbwa aliyefuata shaba kutoka upande wa Unyamwezi. Shaba na pembe zikatoka, na watu wakatoka wamefungwa, zikaingia nguo, bunduki na vioo hivi vya rangi. Na lugha hii ninayowasemesha ikaingia na mizigo hiyo hiyo.

"Kwa hiyo," akasema wa Pangani, "babu zangu waliwauzia babu zako chupa zilizovunjika."

"Na tukawapa shaba," nikasema.

"Mlikuwa wajinga."

"Mbona bibi yako alizikwa nazo?"

Alicheka mpaka mwenye duka akatoka nje kututazama. Zile za buluu, nilimwonyesha, rangi yake ni kobalti. Hapa kwetu kobalti ni jiwe jeusi, linachafua mikono, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo wetu. Tone moja ndani ya kioo kinachochemka, kinakuwa bahari. Kwetu buluu hiyo hatuioni.

Karibu na daraja la Rialto kuna duka la dawa lenye saa ya ajabu dirishani. Haionyeshi wakati. Inaonyesha idadi ya watu waliobaki wakiishi ndani ya Venezia ya zamani. Mwaka 1951 walikuwa kama 175,000. Siku tuliyopita, namba ilikuwa imeshashuka chini ya 50,000. Wengine wamehamia bara, na nyumba zao zimekuwa vyumba vya wageni wa siku mbili kama sisi, ingawa sisi hata hivyo vyumba vilitushinda. Nikakumbuka mtaa wetu wa Kasulo. Mnaikumbuka ninyi pia, mwaka 2014, mtu anachimba kwake nyumbani, anakuta jiwe jeusi, na baada ya miezi michache watu wanachimba chini ya vitanda vyao, sebuleni, jikoni, mpaka sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na familia zikahamishwa. Kule Venezia watu hawakuchimba sakafu, walizikodisha. Lakini mwisho wa yote mtaa uliuliza swali lile lile: nani bado analala hapa?

Nasema hili ili msidhani nimerudi na mapenzi ya kipofu. Mwaka 2024 walianza kutoza wageni wa siku moja euro 5 kuingia mjini, siku fulani za mwaka. Nilipozisoma habari hizo nilicheka peke yangu. Sisi kufika Kolwezi kwa barabara tunalipa kwenye vizuizi miaka yote, na hakuna aliyetupa ramani.

Treni ya kurudi ilikuwa ya jioni. Mwenzangu viatu amevua, miguu ameinyoosha kwenye kiti cha mbele, soksi moja ina damu. Na hapo ndipo alipouliza, bila nia mbaya hata kidogo: "Siku nikija kwenu Kolwezi, Posho na Yenga, utanipeleka wapi?"

Nilifungua kinywa. Nikasema kuna machimbo. Akasema machimbo ataona kwa nje ya uzio, halafu? Nikasema kuna... Treni ikapita Mestre, ikaingia gizani, na mimi bado nasema kuna. Nimekulia hapa. Naijua kila njia ya mkato kutoka sokoni mpaka Musonoi. Ila hakuna mtu aliyewahi kunishika mkono Jumamosi akaniambia twende nikuonyeshe mji wako. Wageni ninaowakumbuka utotoni walikuja kupima, kununua, kusaini, au kutupiga picha tukiwa na tope. Kuna wazee Ufaransa, askari wa zamani, wanaoijua Kolwezi kwa miavuli, kwa sababu tarehe 19 Mei 1978 waliruka juu yake kutoka kwenye ndege, na miaka miwili baadaye ikatengenezwa filamu. Hakuna ninayemjua aliyekuja kwa sababu ni Posho na hana la kufanya.

Basi huyu anakuja. Na nimekaa usiku wa siku mbili naandika ratiba, nafuta.

Barabara nitaiacha ijieleze. Atatoka Lubumbashi alfajiri, Likasi, Fungurume, kilomita zaidi ya 300. Kama mvua zimeanza, atawakuta kina mama pembeni ya njia na uyoga mkubwa kama sahani, na nimemwambia anunue, asiulize bei mara mbili. Atapita vichuguu virefu kuliko nyumba ya kambi. Kwenye daraja la Lualaba nimemwambia amwombe dereva apunguze mwendo. Maji yale yanapanda kaskazini, yanapita Kindu, yanapita Kisangani, yanageuka mto Kongo, na yanaingia bahari ambayo si ya Pangani. Mtu wa Pangani anajua heshima ya mto.

Posho mchana, sokoni. Michopo ya mbuzi, bukari ya unga mweupe wa kweli, munkoyo baridi, na kipande cha chikanda, ambacho nitakataa kumwambia kimetengenezwa na nini mpaka amemaliza kukitafuna. Kama AS Simba wana mechi, tutakwenda. Kama hawana, kuna mahali nimewahi kupita mara elfu bila kusimama: kituo cha umeme ambako inaishia ile laini ya kutoka Inga, kilomita 1,700 hivi, iliyowashwa mwaka 1982. Ilikuwa ndefu kuliko zote duniani za namna yake. Ule umeme umepita juu ya vijiji visivyo na taa ili uje kuyeyusha shaba yetu. Tutasimama njiani tu, kupiga picha huenda ni kosa. Na usiku, umeme ukikatika kwangu, nitamwambia hiyo nayo ni sehemu ya ziara.

Mahali pa wachimbaji wa mikono sitampeleka. Nimelifikiria sana. Nina binamu ndani ya mashimo yale, na binamu yangu si farasi wa San Marco. Mgeni wangu akitaka kumfahamu, binamu atakuja kula nasi jioni, atamfahamu akiwa amenawa.

Asubuhi ya Yenga, baada ya misa, kilima. Sisemi kipi, kwa sababu vingi vimezungushiwa uzio na hiki kimoja nakionea wivu. Mnakijua namna yake: miti imeishia chini, juu ni nyasi tupu, kwa sababu udongo una shaba nyingi kiasi kwamba mti hauwezi kuishi. Katika nyasi hizo yanaota maua madogo ya zambarau, maua ya shaba. Mababu wachimbaji waliyafuata. Palipoota ua, walipiga jembe. Kuna mimea kwenye vilima hivi vya Katanga ambayo haioti popote pengine duniani, na kilima kikiliwa chote na tingatinga, mmea nao umekwisha. Nimesoma mawe miaka mingi, na kwa kweli nilianza kuyatazama maua haya kwa makini baada ya kurudi kutoka Italia. Niliona aibu kidogo.

Mchana tutakuwa ziwa Nzilo. Najua, najua, ziwa lenyewe limetengenezwa, ni bwawa la umeme la miaka ya 1950. Lakini Venezia nayo haikuumbwa na Mungu, wameisimamisha juu ya magogo waliyoyapigilia kwenye tope. Samaki wa kuchoma, kiti cha plastiki, miguu ndani ya maji. Kama kuna mvuvi atakayetuvusha kwenda ng'ambo na kurudi, nimetenga franga zake. Zitakuwa chini ya euro 2.

Mtu akiwa na mahali nilipopasahau, anipigie simu hapa kituoni kabla ya Ijumaa. Msiniambie hoteli mpya. Nataka mahali ambapo mngempeleka mtoto wenu.

Basi lake linaondoka Lubumbashi Posho saa kumi na moja alfajiri. Nimemwandikia leo mchana: aje na koti la mvua, aje na njaa, na vile viatu vya Venezia, kama bado anavyo, aviache Dar es Salaam.